Kabla Mgao Haujatangazwa: Modeli za Kompyuta na Mipango ya Kubana Maji Mijini

Oktoba 2022 wakazi wa Dar es Salaam walitangaziwa mgao wa maji. Mto Ruvu ulikuwa umepungua kiasi kwamba uzalishaji, uliokuwa lita milioni 466 kwa siku, ulishuka hadi karibu lita milioni 300. Maelezo yaliyotolewa yalikuwa ya hali ya hewa: mvua za vuli zimechelewa, mto umekauka, tuvumiliane. Maswali ya mitaani yalikuwa ya namna nyingine. Kama mto hupungua kila mwaka kabla ya vuli, kwa nini upungufu huo ukute mji hauna mpango? Bwawa la Kidunda, lililozungumzwa kwa miongo kadhaa, lilikuwa wapi? Na mwananchi aambiweje abane matumizi wakati bomba lililopasuka mtaani kwake linamwaga maji tangu juzi?

Kila mjadala wa aina hii unapoibuka, hapa na kwingineko, hujitokeza mtu anayependekeza modeli za kompyuta: tuige mto, mabwawa na mabomba ndani ya mashine, tujue mapema lini pa kubana na kiasi gani. Pendekezo hilo hupokewa kwa namna mbili, na zote mbili hupotosha. Wapo wanaolisikia kama ahadi ya utabiri, kwamba kompyuta itasema mvua itanyesha lini. Wapo wanaoliona kama njia nyingine ya kulipana posho za semina na kununua programu zitakazolala kwenye kabati. Hoja ya makala haya ni kwamba modeli ina kazi moja ambayo hakuna kingine kinachoifanya vizuri kama yenyewe, nayo ni kuonyesha gharama ya kila uamuzi kabla uamuzi haujafanyika. Lakini kazi hiyo inategemea vitu vya kawaida kabisa, hasa dira za maji na uwazi wa hesabu, na kwa miji yetu modeli yenye faida ya haraka ni ile inayoangalia yaliyofukiwa chini ya barabara kabla ya ile inayotazama mawingu.

Modeli inahesabu nini

Modeli ni mkusanyiko wa milinganyo inayoiga mwenendo wa maji. Ziko za aina tatu, na mkanganyiko mwingi unatokana na kuzichanganya. Ya kwanza ni ya mto na bwawa. Hii huchukua kumbukumbu za mvua na mtiririko wa miaka mingi, kisha huuliza: miaka hiyo ikijirudia kwa mpangilio mwingine wowote, na mji ukichota kiasi hiki, bwawa litakauka mara ngapi? WEAP, iliyoanza kutengenezwa na Taasisi ya Mazingira ya Stockholm mwaka 1988, ni ya kundi hili. Ya pili ni ya mtandao wa mabomba: hukokotoa maji yanapita kwa kasi gani, kwa msukumo gani, kutoka tenki hadi nyumba ya mwisho. EPANET, iliyotolewa bure na wakala wa mazingira wa Marekani mwaka 1993, ndiyo inayotumika zaidi duniani. Ya tatu ni ya matumizi: watu wangapi, wa kipato gani, wenye bustani au wasio nayo, na bei ikipanda watapunguza kiasi gani.

Kila moja ina swali lake. Modeli ya mto haijui bomba la Kimara linavuja wapi, na modeli ya mabomba haijui milima ya Uluguru imepata mvua kiasi gani. Chukua Kidunda. Bwawa hilo limesanifiwa kuhifadhi mita za ujazo milioni 190, zitakazofunguliwa kiangazi ili Ruvu iendelee kulisha mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini. Gawanya kiasi hicho kwa uzalishaji wa lita milioni 466 kwa siku, utapata siku 400 na ushei. Hesabu ya penseli inaishia hapo, na inaleta faraja ya uongo. Haijaondoa maji yatakayopaa kwa jua, wala yatakayoachiwa mto kwa ajili ya viumbe na wakulima, wala yatakayochotwa njiani kabla ya kufika Mlandizi na Bagamoyo. Haijauliza bwawa litakuwa limejaa kiasi gani pale ukame utakapoanza, wala mji utakuwa na watu wangapi. Sensa ya 2012 iliwakuta watu 4,364,541 Dar es Salaam, na ile ya 2022 ikawakuta 5,383,728. Maswali hayo yote kwa pamoja yanahitaji mashine, kwa sababu kila jibu linabadilisha jibu la jingine.

Fundisho la Cape Town

Ni miji michache ya Afrika iliyokuwa na modeli nzuri kama za Cape Town, na ni michache iliyokaribia kufunga mabomba yake kama mji huo. Mambo hayo mawili yanafaa kutazamwa pamoja. Mji huo hupata mvua wakati wa baridi, kati ya Mei na Agosti, na huyahifadhi maji katika mabwawa makubwa sita yenye ujazo wa takriban mita za ujazo milioni 900. Theewaterskloof peke yake hubeba zaidi ya nusu. Kila mwaka, mvua zikiisha, wataalamu wa idara ya maji ya taifa huingiza kiwango cha mabwawa katika modeli zilizojengwa tangu miaka ya 1980, kisha hupendekeza kama mji na wakulima wabanwe na kwa asilimia ngapi. Kipimo chao ni kwamba mji usikose maji ila katika ukame wa aina inayotarajiwa mara moja katika miaka 50. Utaratibu huo ulifanya kazi miaka mingi. Kampeni za kubana matumizi zilifaulu kiasi kwamba mwaka 2015 Cape Town ilitunukiwa tuzo na mtandao wa miji wa C40, na miradi ya vyanzo vipya ikasogezwa mbele kwa sababu hesabu zilionyesha hakuna haraka.

Kisha mvua za 2015, 2016 na 2017 zikakatika mfululizo. Mabwawa yaliyokuwa yamejaa mwaka 2014 yakashuka, na Januari 2018 mji ukatangaza siku ambayo mabomba ya majumbani yangefungwa na watu kupanga foleni katika vituo 200 kuchota lita 25 kila mmoja. Siku hiyo iliwekwa Aprili. Kuanzia Februari 1 kila mtu aliruhusiwa lita 50 kwa siku. Tarehe ikasogea hadi Mei 11, ikaenda Juni 4, ikafika Julai 9, na mwezi Machi ikatangazwa kwamba kwa mwaka ule haitafika. Matumizi ya mji, yaliyokuwa kama lita bilioni 1.2 kwa siku mwanzoni mwa 2015, yalikuwa yameshuka hadi karibu lita milioni 500.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba tarehe hiyo haikutokana na modeli ile kubwa. Ilikuwa hesabu nyepesi ya kila wiki: mabwawa yameshuka kiasi gani juma hili, tuseme hakuna mvua itakayonyesha, je, yatafika asilimia 13.5 lini? Mtu mwenye elimu ya sekondari angeweza kuifuata. Na ndiyo iliyobadilisha tabia ya watu, kwa sababu ilieleweka, ilitangazwa kila wiki, na kila mmoja aliona tarehe ikisogea kadiri mji ulivyobana. Wakulima nao walichangia: Februari 2018 chama cha watumiaji maji cha Groenland kilifungulia mji lita zipatazo bilioni 10 kutoka mabwawa yao. Modeli ya kitaalamu, yenye ustadi wote, ilikuwa imebaki katika lugha ya asilimia na uwezekano, ikizungumza na kamati.

Je, modeli ilishindwa? Hapa wataalamu wanagawanyika. Mike Muller, aliyewahi kuwa mkurugenzi mkuu wa idara ya maji ya Afrika Kusini, aliandika katika jarida la Nature mwaka 2018 kwamba modeli zilitoa onyo la kutosha, na kosa lilikuwa la viongozi walioamua kucheza pata potea badala ya kujenga vyanzo vipya kwa wakati. Kwa upande wa pili, Piotr Wolski wa Chuo Kikuu cha Cape Town alikadiria kwamba ukame wa miaka mitatu mfululizo kama ule hutarajiwa mara moja katika miaka 300 hivi. Na uchunguzi uliochapishwa mwaka huohuo ulionyesha kwamba mabadiliko ya tabianchi yameongeza uwezekano wake mara tatu. Kama ni hivyo, modeli iliyofundishwa na mvua za karne ya 20 ilikuwa inaeleza nchi ambayo haipo tena. Kwa maoni yangu pande zote mbili zina haki, na hazipingani kama zinavyoonekana. Modeli ilisema kweli kuhusu hatari iliyoijua. Waliokabidhiwa jibu waliichukua hatari ndogo kuwa ni usalama.

Wanaoiamini na wanaoishuku

Watetezi wa modeli wana hoja tatu zenye uzito. Ya kwanza ni kwamba mji hauwezi kufanya majaribio ya ukame. Huwezi kukausha Ndakaini makusudi uone Nairobi itaishije. Bwawa hilo la mita za ujazo milioni 70 huko Murang'a ndilo linalobeba sehemu kubwa ya maji ya mji, na liliposhuka, mgao ulianza Januari 2017. Ndani ya kompyuta unaweza kulikausha mara elfu na kuona ni hatua ipi ingeokoa siku ngapi. Ya pili ni kwamba modeli hulazimisha ukweli wa hesabu. Wanaosema tupandishe bei, wanaosema tujenge bwawa, wanaosema tuzibe mivujo, wote huwekwa kwenye mizani moja ya shilingi kwa kila mita ya ujazo. Ya tatu ni muda. Kubana asilimia 10 mapema, mabwawa yakiwa nusu, huumiza kidogo kuliko kubana asilimia 50 yakiwa yamebaki matope, na bila modeli hakuna mwanasiasa atakayethubutu kubana watu wakati mto bado unaonekana umejaa.

Wanaoshuku nao hawabahatishi. Hoja yao kubwa ni takwimu. Modeli ya mto inahitaji vipimo vya mtiririko visivyokatika kwa miaka 30 au zaidi, na katika mabonde mengi ya Afrika Mashariki vituo vya kupimia vina mapengo ya miaka mizima. Modeli ya mabomba inahitaji ramani ya mabomba, na katika miji iliyokua kwa kasi, ramani hiyo mara nyingi iko kichwani mwa fundi aliyestaafu. Ukiingiza makisio, utapata makisio, ila sasa yatakuwa na rangi, grafu na desimali mbili, na yataaminiwa zaidi kuliko yanavyostahili. Hoja ya pili ni kwamba modeli huweza kutumiwa kuhalalisha uamuzi uliokwisha kufanyika. Anayetaka bwawa atachagua kasi kubwa ya ongezeko la watu, asiyetaka atachagua ndogo, na wote wawili watasema kompyuta imeamua.

Hoja hiyo ya pili ndiyo nzito, na dawa yake haipo katika ufundi. Ipo katika kuchapisha dhana zote zilizowekwa: tumechukulia watu wataongezeka kiasi hiki, upotevu utakuwa huu, mto utaachiwa maji haya. Dhana zikiwa wazi, mwenye shaka anaweza kuzibadilisha na kuona jibu linageuka kiasi gani. Ama hoja ya takwimu, jibu lake ni la ajabu kidogo: modeli mbovu iliyojengwa kwa unyofu huonyesha ni kipimo gani kinakosekana na kinaathiri jibu zaidi. Pengo la takwimu za mvua kwenye kijito fulani huenda lisibadilishe chochote, ilhali kutojua maji mangapi yanaingia kata moja yenye watu laki mbili kunavuruga kila kitu. Mji ukishajua hilo, unajua dira ya kwanza iwekwe wapi.

Mji wa mgao na hesabu za saa 24

Kuna pingamizi jingine ambalo halisikiki sana katika mijadala ya umma, nalo ndilo linalopaswa kumtia wasiwasi mpangaji wa Dar es Salaam au Mombasa kuliko yote. Programu za kawaida za mabomba zilitungwa kwa ajili ya miji ambayo maji hayakatiki. Zinachukulia kwamba mabomba yamejaa muda wote na kwamba mteja akifungua bomba anapata anachokitaka. Kazi ya modeli ni kukokotoa msukumo utakaobaki. Katika mji wa mgao mambo yako kinyume. Bomba hujazwa hewa, kisha maji, kisha hewa tena. Mteja hachoti anachohitaji siku hiyo. Anachota kadiri simtank yake itakavyomeza, kwa sababu hajui maji yatarudi lini. Anayekaa bondeni karibu na bomba kuu hujaza la kwanza na la pili, wa mlimani husikia mluzi wa hewa tu, na dira yake huenda ikazunguka kwa hewa hiyo akaja kutozwa. Msukumo ndio unaoamua matumizi.

Toleo la EPANET la mwaka 2020 liliongeza njia ya kukokotoa matumizi yanayotegemea msukumo, na hiyo ni hatua kubwa. Lakini mji unaonunua modeli ya kawaida na kuiendesha kama ilivyotoka dukani utapata picha ya mji mwingine. Kosa lake lina madhara ya moja kwa moja kwa mipango ya kubana. Modeli ya namna hiyo itaonyesha kwamba kukata maji siku tatu kwa wiki kunaokoa karibu nusu ya maji. Uhalisia ni kwamba watu hujaza akiba siku zile nne, humwaga maji ya zamani yanapokuja mapya, na wengine huacha koki wazi usiku ili wasikie maji yakifika. Juu ya hayo, kufunga na kufungua hupiga mabomba kwa mshtuko wa msukumo, yakapasuka. Na bomba likiwa tupu, maji machafu ya udongoni huingia kupitia matundu yaleyale yanayovujisha. Mgao unapunguza uvujaji kwa saa ambazo bomba ni tupu, kisha unaongeza matundu. Mji unaotumia mgao kama mpango wake wa kubana maji unakopa kwenye mabomba yake.

Kuna pia maji ambayo hayapo kwenye hesabu za mamlaka. Baada ya ukame wa 1997 Dar es Salaam ilichimba visima vingi, na leo nyumba, hoteli na viwanda vingi vinavyo, wakati mitaa mingine inaishi kwa maboza na madumu ya lita 20. Modeli inayohesabu wateja wenye ankara pekee itaona matumizi yameshuka pale mtu anapohamia kisimani, na itaita huko ni kuokoa. Maji hayakuokolewa. Yamehamishwa kutoka Ruvu kwenda mwamba wa pwani, ambako uchotaji ukizidi, maji ya bahari husogea ndani, na kisima kikishaingiwa chumvi huchukua miaka mingi kupona.

Lita inayookolewa na lita inayolipiwa

Neno upotevu hubeba mambo mawili ambayo mipango mingi huyachanganya. Lipo tatizo la maji yanayovuja ardhini, na lipo lile la maji yanayomfikia mtu asiyeyalipia: dira mbovu, maunganisho haramu, ankara zilizokosewa. Taarifa za mdhibiti wa huduma za maji wa Kenya zimekuwa zikionyesha kwamba karibu nusu ya maji yanayozalishwa nchini humo hayaingizi fedha, na takwimu hiyo hunukuliwa kana kwamba nusu ya maji yanazama mchangani. Sivyo. Mamlaka ikibadilisha dira zote mbovu, mapato yatapanda na upotevu kwenye taarifa utashuka, lakini mto hautaongezeka hata ndoo moja, isipokuwa kwa kiasi ambacho anayeanza kulipa ataanza kubana. Ikiziba mivujo, maji yanarudi kweli. Mpango wa fedha na mpango wa ukame vinahitaji dawa mbili tofauti, na ni modeli ya mabomba inayoweza kuvitenganisha.

Njia yake inajulikana. Mtandao hukatwa katika kanda ndogo, kila kanda ikawekewa dira kwenye bomba linaloiingiza maji. Saa nane au tisa usiku, watu wakiwa wamelala, maji yanayoendelea kuingia ni ya mivujo kwa sehemu kubwa. Modeli huchukua kipimo hicho na kukadiria msukumo ukipunguzwa kidogo usiku mivujo itapungua kiasi gani. Kwa wastani wa mitandao mingi, punguza msukumo kwa asilimia 10 na uvujaji unapungua kwa kiasi kinachokaribia hicho, na kwenye mabomba ya plastiki yaliyopasuka kwa urefu unapungua zaidi, kwa kuwa ufa wenyewe unajifumba. Khayelitsha, huko huko Cape Town, ilifanya hivyo mwaka 2001 kwa vali chache kwenye mabomba yanayoingiza maji kitongojini, ikaokoa takriban mita za ujazo milioni 9 kwa mwaka. Hakuna aliyebomolewa nyumba wala kupandishiwa bei.

Tuweke mfano wa kubuni ili ukubwa wa jambo uonekane. Mji unazalisha lita milioni 500 kwa siku, na asilimia 40 inapotea, nusu yake kwa mivujo halisi. Mivujo hiyo ni lita milioni 100. Ikipunguzwa kwa thuluthi mbili, mji umepata lita milioni 67 kila siku, karibu sawa na lita milioni 70 ambazo mradi wa visima vya Kigamboni ulisanifiwa kutoa. Tofauti ni kwamba lita hizo zimekwisha kusafishwa, kutiwa dawa na kusukumwa kwa umeme uliolipiwa. Udhaifu wa njia hii nao usifichwe: faida yake huyeyuka pasipo matengenezo, na haina jiwe la msingi la kuzindua. Bwawa huonekana kutoka angani. Vali iliyofukiwa haipigwi picha na mtu. Hiyo ni sababu ya kisiasa, lakini ndiyo inayoeleza kwa nini fedha huelekea upande mmoja.

Kupanda miti na kuzuia mmomonyoko milimani ni njia nyingine ambayo modeli imeifanyia kazi. Mfuko wa Maji wa Tana ya Juu na Nairobi, uliozinduliwa mwaka 2015, ulitumia modeli iitwayo SWAT kukadiria kwamba dola milioni 10 zikiwekezwa kwenye matuta na nyasi za kuzuia udongo zingerudisha faida ya dola milioni 21.5 katika miaka 30. Ukisoma faida hiyo kwa makini, sehemu kubwa ni ya wakulima wenyewe kwa mavuno bora, na nyingine ni ya mitambo ya umeme. Hiyo ni sababu nzuri ya kuufanya mradi. Haiwi sababu ya kumwambia mkazi wa Nairobi kwamba mgao wake utakoma.

Nani anabanwa

Mahali ambapo modeli za kubana matumizi hukosea kimyakimya ni kwenye wastani. Mpango unaosema kila mtu apunguze asilimia 20 unamtaka mwenye bwawa la kuogelea apunguze kuogelea, na mama anayenunua madumu matano kwa siku apunguze moja la kupikia. Utafiti uliochapishwa na Elisa Savelli na wenzake mwaka 2023 uliigawa Cape Town kwa matabaka ndani ya modeli. Ukakuta kwamba kaya tajiri na za juu ya kati, ambazo hazifiki asilimia 14 ya watu, zilitumia zaidi ya nusu ya maji ya majumbani. Katika mji wa namna hiyo, kubana bustani na mabwawa ya kuogelea huokoa zaidi kuliko kuhubiri mitaa yote kwa sauti moja. Bei inayopanda kwa ngazi inaweza kufanya kazi hiyo, lakini nayo ina mtego: nyumba ya kupanga yenye familia nane na dira moja itaonekana kwenye mfumo kama tajiri mmoja mharibifu. Modeli ikihesabu dira badala ya watu, itamwadhibu asiyestahili.

Upande wa mamlaka nako kuna gharama. Watu wakibana kweli, mapato yanashuka, ilhali mishahara, umeme wa pampu na mikopo haishuki. Cape Town iliongeza ada ya kudumu mwaka 2018 kuziba pengo, na wengi wakalalamika kwamba wamepewa adhabu kwa utii. Malalamiko hayo yalistahili jibu la mapema: modeli ya fedha ilipaswa kwenda sambamba na ya maji, na wananchi waambiwe tangu siku ya kwanza kwamba kila asilimia inayobanwa ina gharama kwenye ankara. Zaidi ya hayo, mji uliokwisha kubana hadi mwisho hauna cha kupunguza ukame mwingine ukija. Yule aliyekuwa akimwagilia bustani anaweza kuacha. Aliyekwisha kuacha hana cha kuacha tena. Kwa hiyo si kweli kwamba kubana kunaondoa haja ya chanzo kipya. Kunanunua muda, na thamani ya muda huo inategemea kama kuna anayeutumia kujenga.

Pa kuanzia

Ukizipima pande hizi zote, mpangilio unaoonekana kufaa kwa Dar es Salaam, na kwa miji mingine ya ukanda huu inayoishi kwa mgao, ni huu. Dira za kanda zitangulie programu yoyote ya gharama, kwa kuwa bila kujua maji mangapi yanaingia wapi hakuna modeli itakayosema kweli. Modeli ya mabomba ifuate, ya aina inayokubali kwamba bomba huwa tupu na kwamba simtank ipo, na kazi yake ya kwanza iwe kutenganisha kinachovuja na kinachoibwa. Programu zenyewe hazina kisingizio cha bei: EPANET ni ya bure, na WEAP hutolewa bila malipo kwa taasisi za umma za nchi zinazoendelea. Gharama iko kwa wahandisi wa kuiendesha kila mwezi, na hao wawe waajiriwa wa mamlaka, maana modeli ya mshauri wa nje huondoka naye.

Modeli ya Ruvu nayo inahitajika, na itahitajika zaidi Kidunda likikamilika, kwa sababu hapo ndipo kutakuwa na uamuzi wa kila mwezi: fungua kiasi gani sasa, bakisha kiasi gani kwa ajili ya Oktoba. Mto usio na bwawa haukuachii uamuzi mkubwa. Mto wenye bwawa unakudai kila siku. Kanuni ya kufungua inapaswa kuandikwa wakati bwawa linajaa, ikieleza kiwango ambacho kikifikiwa viwanda vitabanwa kiasi fulani, bustani kiasi fulani, wakulima wa juu kiasi fulani. Wakulima hao wawepo mezani kanuni inapoandikwa, la sivyo wataivunja usiku kwa pampu, na hakuna anayeweza kuwalaumu sana. Halafu jambo lenyewe lirahisishwe hadi kufikia tarakimu moja au mbili, itangazwe redioni kila wiki kama Cape Town ilivyofanya mwishoni, ila ianze mabwawa yakiwa na maji. Asiyekubaliana nayo apewe dhana zilizotumika na ahesabu upya mwenyewe; mamlaka ikikataa kuzitoa, ana haki ya kudhani kwamba uamuzi ulitangulia hesabu.